Moja Simama, Mbili Twende

Shuleni, Sigalame
11 Mei 2025

Baba mpendwa,

Assalaam aleikum. Mimi mzima, ila ugali wa hapa bado unaweza kujengea nyumba. Mwambie mama sukari ilifika. Pilipili nayo ilifika, lakini wenzangu bwenini waliionja kabla yangu.

Nina kazi na wewe, na tafadhali usiikimbie. Mwalimu Carolyne amenichagua nighani shairi peke yangu kwenye tamasha ya mashairi ya kaunti, hapo Busia mwezi wa saba. Shairi natunga mwenyewe. Sharti lake ni kwamba maneno yasikike kama kile yanachosema. Anasema mshairi mvivu huandika "gari lilisimama kwa kelele" halafu anaenda kulala. Mwenye sikio hutafuta neno ambalo hata mtu asiyejua Kiswahili akilisikia atageuza shingo kutafuta gari liko wapi. Anatuambia tuonje maneno mdomoni kabla ya kuyaandika.

Wenzangu wanaandika juu ya bahari, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuiona. Mimi nimechagua foleni ya malori pale mpakani Malaba. Kwa hivyo nataka uniandikie sauti za huko: breki, mvua juu ya turubai, foleni ikianza kusonga. Juu ya yote nataka ule mlio wa Anko Ekwaro akigonga bodi ya lori. Moja simama, mbili twende.

Unakumbuka likizo ya Desemba mliponichukua? Nilisimama nje na Anko, akakiweka kiganja changu kwenye bodi akaniambia, "Piga mbili, madam." Nikapiga, na wewe ndani ukaling'oa lori zima kwa ajili ya mkono wangu. Sijawahi kujiona mkubwa namna ile. Sasa natafuta neno la ule mlio na silipati. Nimejaribu "pa", nimejaribu "ko", yote yanasikika kama mtu anabisha hodi kwa jirani. Mwulize Anko. Yeye amekuwa tanboi wako, utingo wa lori lako, tangu sijazaliwa, mkono ni wake, mlio ni wake.

Simu unajua ni marufuku hapa. Mwalimu huja kwao Busia wikendi, ataacha barua dukani kwa mama na kuchukua jibu.

Binti yako,
Fazila

Malaba, kwenye foleni
18 Mei 2025

Mwanangu Fazila,

Waaleikum salaam. Barua yako nimeisoma kwa sauti humu ndani ya lori, na huyu Anko wako amecheka mpaka amemwaga chai kwenye kiti changu. Tumelala hapa jana na dalili ya kusonga hakuna. Ekwaro anasema, "Mzee, hii foleni inazaa. Unalala iko hapa, unaamka iko na watoto."

Sasa nisikilize, maana nimepewa kazi ya ualimu uzeeni. Breki ya upepo haisemi "fyuu" peke yake. Inaanza na "ts", kama mama yako akisikia nimenunua viatu, halafu ndiyo "fyuuu". Mvua juu ya turubai ni "tapa tapa tapa" ikianza, na ikikolea huwezi kuhesabu tena, inakuwa "shaaa". Foleni ikianza kusonga kwanza unasikia injini moja mbali sana, "ngrr", halafu ya pili, halafu ya tatu, inakujia lori kwa lori mpaka ya kwako. Hiyo sina neno lake. Ukilipata nipe.

Ekwaro amekataa mimi niandike yote. Anasema dereva hana masikio, ana vioo tu. Basi haya ni yake, naandika jinsi anavyosema, na salamu yake ya Kiteso:

"Madam, yoga. Maneno mengine iko na tumbo. Sema bonge. Umeona? Mdomo imefunga, imefunguka, imejaa. Sasa sema sisimizi. Hiyo iko na miguu, midogo midogo, inakutembelea kwa ulimi. Sasa sema kimya. Huwezi sema kimya bila kufunga mdomo hapo katikati. Mwenye alitengeneza hiyo neno alikuwa mjanja, alikunyamazisha ukiwa bado unaongea. Huyo mama wa chapati hapa anatupa unga kwa mafuta inasema chwaaa. Hiyo andika, ukisoma watu wasikie njaa."

Nimemwuliza mlio wa kugonga bodi. Amekunja mikono. Anasema hiyo ni mali yake, haitoki bure, utapewa mwisho ukishamwonyesha shairi limefika wapi. Mkaidi huyu. Hata mke wake Akiteng kule Moding alishashindwa naye.

Nikumbushe nikuambie siku moja kwa nini tuligawana kazi hivi. Kwenda na kusimama ni kwa mkono. Kurudi nyuma ni kwa mdomo, anakuja dirishani kwangu anaimba "kuja, kuja, kuja" kama anaita kuku. Ni mazoea tu, lakini hayajawahi kutuangusha.

Soma vitabu vyako. Mtihani wa mock hauna shairi la foleni.

Baba yako,
Abdulnoor

Busia
29 Mei 2025

Kwa Mwalimu Carolyne,

Salaam. Mimi ni Abdulnoor, baba yake Fazila. Mke wangu Zainabu aliniambia nikupigie simu. Nilishika simu nikairudisha mezani, kwa hivyo naandika.

Ekwaro amefariki. Ni yule tanboi wangu ambaye Fazila anamwita Anko. Ilikuwa Alhamisi iliyopita, kwenye foleni Malaba. Trela lililokuwa mbele yetu lilirudi nyuma kwenye ule mteremko, likambana kati yake na lori letu. Tulimzika jana kwao Moding.

Naomba usimwambie Fazila. Kwetu mtoto wa mtihani haambiwi msiba. Mimi mwenyewe baba yangu alizikwa nikiwa darasani nafanya hesabu, nikaambiwa baada ya karatasi ya mwisho. Amalize mock, aghani shairi lake, halafu mimi na mama yake tutajua la kufanya.

Watu wananiuliza najisikiaje. Sijisikii. Nakaa kwenye kizingiti cha duka la mke wangu tangu asubuhi, wateja wananiruka. Jana nilimwagikiwa chai ya moto mguuni na nikaona tu suruali imelowa.

Ndimi,
Abdulnoor

Shuleni, Sigalame
1 Juni 2025

Baba mpendwa,

Assalaam aleikum. Barua yenu nimeisoma bwenini na wasichana wote sasa wanatembea wakisema "sisimizi" na kujikuna. Mwalimu alipoisikia ile ya kimya alisimama akaisema mwenyewe mara kadhaa dirishani, kimya, kimya, anaangalia midomo yake kwenye kioo. Akasema Anko Ekwaro angefaa kutufundisha yeye, na mwalimu ashike lori.

Hata hivyo nina swali ambalo mwalimu hakulijibu. Mbona maneno mengine hayafanani na uzito wake? Neno "kufa" ni jepesi mno. F ni pumzi tu inayotoka, kama breki yako. Ningekuwa mimi ningelipa neno lenye tumbo. Mwalimu aliangalia pembeni akasema tuendelee na somo. Yeye huwa hakimbii swali, labda alichoka.

Ubeti wa kwanza uko tayari, umebaki ule mlio. Mwambie Anko ameshinda, nimepiga magoti, anipe mali yake. Aandike yeye mwenyewe kwa mkono wake hata kama herufi zitalala.

Fazila

Malaba
7 Juni 2025

Mwanangu Fazila,

Waaleikum salaam. Barua imefika. Tuko salama. Tuko foleni. Foleni ni ndefu. Mama yako anakusalimia.

Ekwaro anakusalimia. Anasema shairi ni zuri. Mkono wake una jeraha kidogo hawezi kuandika, kwa hivyo naandika mimi. Mlio wa kugonga ni huu:

"Du."

Anasema moja ni du na mbili ni du du.

Soma kwa bidii.

Baba yako,
Abdulnoor
na Ekwaro

Shuleni, Sigalame
15 Juni 2025

Mzee Abdulnoor,

Salaam na pole tena kwa msiba. Barua yako ya tarehe saba nilimpa Fazila jana. Naona ni haki nikuambie kilichotokea, maana mimi ndiye ninayekutana na macho yake kila siku, wewe hukutani nayo.

Aliisoma amesimama. Halafu akakaa akaisoma tena. Halafu akaja na barua zako zote mbili, akaziweka mezani kwangu kando kwa kando, akasema, "Mwalimu, hii ya kwanza inapiga kelele. Hii ya pili imeandikwa na nani?" Nikamwambia ni mwandiko wa baba yake. Akasema mwandiko anaujua.

Nimewafundisha watoto hawa kwa mwezi mzima kwamba sauti ya neno husema kabla ya maana yake kufika. Sikufikiri nitafundisha hadi nijifunge mwenyewe. Kutaja siri yako sijataja, na sitaitaja kwa sababu uliniomba. Ila mtoto huyu sasa anasikiliza. Ukimwandikia tena "tuko salama", jua kwamba anasikia ilivyo baridi.

Mwandikie, Mzee. Akiambiwa na wewe atalia. Akijigundulia peke yake, sijui atafanya nini.

Wako,
Mwl. Carolyne

Shuleni, Sigalame
17 Juni 2025

Baba,

Sitauliza kuhusu sukari leo.

Ule mlio si wa Anko Ekwaro. "Du" ni mlio wa mtu aliye ndani. Nilikaa ndani nawe siku ile ya Desemba kabla sijashuka, nikausikia akigonga: mzito, umefungwa, unakufikia mgongoni kupitia kiti. Du. Nikashuka nikasimama naye nje, na nje si hivyo kabisa. Nje kiganja kinapiga bati, bati linalia, mlio unaenda mpaka lori la nyuma. Mtu aliyepiga bodi maisha yake yote hawezi kusema "du". Hajawahi kuisikia. Hakuwahi kuwa ndani yeye akiwa anapiga.

Kwa hivyo wewe ndiye uliyeandika, kwa sikio lako, ukaweka jina lake.

Na foleni yako haina sauti. Ile ya kwanza ilikuwa na injini, na chai, na mama wa chapati. Hii ina "foleni ni ndefu". Hauko foleni. Uko mahali pametulia.

Baba, mock inaanza Jumatatu na nitaifanya hata iweje, nakuahidi. Usinifiche kwa sababu ya mtihani. Tayari siwezi kusoma, nakaa na kitabu nikisikiliza barua. Anko Ekwaro yuko wapi?

Fazila

Busia
20 Juni 2025

Mwanangu,

Ekwaro amekufa. Ulisema neno hilo ni jepesi. Mimi nimelibeba mwezi mzima na ni kweli, halina hata uzito wa kuniangusha. Ningefurahi kama lingeniangusha.

Nisamehe kwa kuweka jina lake. Nilikaa na kalamu nikijaribu kumkumbuka akiongea na sikumsikia. Nilisikia du tu. Nikaandika nilichokuwa nacho.

Nitakuambia ilivyokuwa, kwa sababu hata mama yako sijamwambia yote. Tulikuwa tumesimama, injini inanguruma. Ekwaro alishuka akaenda mbele kufuta taa, tope lilikuwa limezijaa. Ukiwa juu kwenye usukani, mtu akiinama kwenye taa humwoni. Nikaona trela la mbele linarudi nyuma, pole pole, halina haraka. Nikasikia du. Moja.

Moja ni simama. Nikakanyaga breki mpaka chini, nikaishikilia. Lori likakaa imara kama nyumba. Trela likaja likatuegemea, nikadhani limegusa bampa tu. Mimi nikaendelea kukanyaga breki, nikingoja mbili.

Kama ningerudi nyuma hatua chache tu angetoka. Lakini kurudi nyuma kwetu hakukuwa na mlio. Kurudi ilikuwa kwa mdomo, na pumzi ya kuita "kuja, kuja" hakuwa nayo. Alinipa alichoweza kunipa, nami nikakitii. Polisi wameandika kosa ni la trela, na ni kweli. Kila mtu ananiambia ni kweli. Mimi pia najua ni kweli.

Kule Moding walimzika kwa jeneza, unajua wao ni Wakristo. Sisi hatuzikwi hivyo, sikuwa nimeizoea sauti ya udongo juu ya mbao. Koleo la kwanza lilisema du. Ile ile. Nikasimama pale pale, watu wakanipita kwenda kutupa udongo wao, shemeji wa Akiteng, mjane wake, akaja kunishika mkono kunisogeza. Baada ya makoleo machache mbao haikusikika tena, ikawa udongo juu ya udongo, tifu, tifu.

Tangu siku hiyo sijaondoa lori. Liko kwenye yadi hapa Busia. Asubuhi naingia, naweka mkono kwenye ufunguo, na mkono hauendi. Si woga, Fazila, woga ningeujua. Ni ganzi, kama mguu uliokaliwa. Nasikiliza nje, hakuna anayegonga, nashuka, narudi dukani. Mwenye lori ananivumilia mpaka mwisho wa mwezi wa saba, baada ya hapo atalipa mtu mwingine, na mimi sijui kazi nyingine.

Fanya mtihani wako. Lia ukimaliza, au lia sasa, vyovyote utakavyoweza. Ukilia, nililie na mimi.

Baba yako,
Abdulnoor

Shuleni, Sigalame
4 Julai 2025

Baba,

Mock imeisha. Sikulia. Nilidhani ningelia siku nilipopata barua yako, nikaenda nyuma ya jiko kabisa nijiandae, nikakaa kwenye gogo nikangoja, kengele ya chakula ikalia nikaenda kula. Kwa hivyo siwezi kukulilia kwa sasa. Labda hii ganzi ni ya ukoo.

Nimelichunguza neno hilo, ganzi. Lina mdudu katikati, nz, kama kitu kinachovuma ndani ya mguu, halafu linaishia i, jembamba, hakuna tena. Hili angalau linasikika kama lilivyo. Nimeliweka kwenye ubeti wa pili. Nakuandikia beti zote mbili:

Malori yamejipanga, barabara imejaa,
Tairi tifu! mchanga, breki fyuu! twashangaa,
Mtu nje anagonga, kwa kiganja, ngwaa! ngwaa!
Moja, dereva simama; mbili, dereva twendeni.

Leo nje kuko zii, mkono umetulia,
Baba ndani hasikii, moja tu alosikia,
Funguo haziingii, ganzi nzii! yamjia,
Moja, dereva simama;

Ile nusu ya mwisho sijaiandika. Mwalimu anasema kibwagizo hakiachwi wazi, waamuzi watapunguza alama. Nimemwambia siwezi kusema "twendeni" kabla mbili haijagongwa. Hilo neno si langu.

"Ngwaa" nimeipata peke yangu. Nilienda kwenye tangi la maji la bati nikalipiga kwa kiganja mpaka matroni akaja kuuliza nina nini. Nadhani Anko angelikubali. Angenicheka kwanza.

Tamasha ni Jumamosi tarehe kumi na mbili, ukumbi ule karibu na uwanja, Busia. Ni karibu na duka kuliko msikiti. Njoo, baba. Hata ukikaa nyuma.

Fazila

Sigalame
14 Julai 2025

Mzee Abdulnoor,

Salaam. Nilikuona Jumamosi. Ukumbi ulikuwa umefurika, nawe ukabaki nje pale penye mlango mkubwa wa chuma, umevaa kofia. Nilidhani tungeonana baadaye lakini nilipotoka ulikuwa umeondoka, na Fazila hakukuona kabisa. Alipanda akiwa anaamini hukuja. Ndiyo maana naandika mimi.

Alighani vizuri. Ubeti wa kwanza watoto wa shule nyingine walicheka kwa raha, na kwenye "tifu" mtu alikohoa kana kwamba kweli kuna vumbi. Ubeti wa pili hakuna aliyecheka. Akafika "Moja, dereva simama", akapiga meza ya waamuzi kwa kiganja mara moja, akanyamaza.

Nilimfundisha ahesabu kimoyomoyo kisha ainame. Hakuinama. Alisimama tu na mkono ukiwa bado juu ya meza, ukumbi mzima unamngojea, mwamuzi mmoja akaanza kutazama saa yake. Nilitaka kupanda nimchukue.

Ndipo mlango wa chuma ukalia mara mbili. Ukumbi mzima uligeuza shingo. Fazila hakugeuka. Alifumba macho, akasema "twendeni" kwa sauti ya kawaida kabisa, akashuka jukwaani anatembea, na alipofika kwangu ndipo alipolia. Alilia mpaka gari la shule lilipoondoka, na njiani pia.

Waamuzi walidhani tumepanga. Mmoja ameandika: "Sauti ya nje ilitia nguvu, ila kanuni za kughani peke yako haziruhusu msaidizi." Tumepunguziwa alama, hatuendi ngazi inayofuata. Fazila alipoambiwa alisema ni sawa, kweli alikuwa na msaidizi.

Ananituma nikuulize kama ni wewe uliyepiga. Mimi nilikuona, lakini nimemwambia jibu utatoa mwenyewe. Ametaka jibu lako kwa mwandiko wako.

Wako,
Mwl. Carolyne

Malaba, kwenye foleni
27 Julai 2025

Mwanangu Fazila,

Ni mimi.

Sikukusudia. Nilikuja kusikiliza tu. Uliposimama pale na mkono juu ya meza nikajua unangoja kitu ambacho mimi nimekingoja, na nikaona nani mwingine atakupa. Mkono ukaenda wenyewe. Sikungojea kuonana nawe kwa sababu sikujua uso wangu ulikuwaje.

Ni ngwaa. Miaka yote hiyo nimeusikia mlio ule kwa ndani, sikujua kama nje ni mkubwa namna hiyo. Ule mlango ulikuwa umepigwa na jua mchana kutwa, kiganja kiliniwasha mpaka nilipofika nyumbani. Nililala nimekishikilia. Ni kitu cha kwanza kilichoniuma tangu Mei, nikakionea haya, kisha nikakifurahia.

Jumatatu niliingia kwenye lori nikaliwasha. Nimefika hapa juzi. Foleni ni ndefu, na safari hii sikudanganyi: kuna injini inanguruma nyuma yangu, mama wa chapati anatupa unga kwenye mafuta, chwaaa, na mvua imeanza juu ya turubai, bado naweza kuihesabu. Nilipopita kwenye ule mteremko nililia, lori likitembea. Sikusimama.

Nina tanboi mpya, Ikapel, shemeji yake Akiteng, yule aliyenishika mkono kaburini. Mtu mzima, mpole, haongei sana, na simlaumu. Nimemfundisha moja simama, mbili twende. Halafu nikashuka tukasimama wote nje, nikampigia tatu kwenye bodi. Nikamwambia hiyo ni kurudi nyuma, na kwamba akiipiga sitauliza, sitatazama kioo, nitarudi tu. Mimi na Ekwaro hatukuwa nayo.

Akasema, "Boss, wacha nijaribu." Akaenda mbele ya bampa, mimi nikapanda. Akapiga tatu. Nikarudi nyuma pole pole mpaka nikamwona mzima, kichwa hadi miguu, amesimama mbele ya lori na nafasi kubwa pande zote, ananiambia kwa mkono imetosha.

Baba yako,
Abdulnoor